Nani ametunga kicheko? Carl Reiner na kazi isiyoonekana ya mtunzi wa vichekesho

Kila Jumamosi alasiri, katika lupango (ua wa nyumba) mmoja wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, kikundi cha vichekesho ninachokitunzia kumbukumbu hukutana kufanya mazoezi. Majuma machache yaliyopita tulikuwa na kisa cha mume anayeficha mshahara wake ndani ya gunia la makala, yaani makaa, ya kupikia, na mke ambaye, bila kujua chochote, analiuza gunia hilo kwa jirani wakati mume yuko kazini. Kijana anayeigiza mume ana kipaji kikubwa. Alianza kwa kumwiga dereva wa teksi, akahamia kwa mchungaji, akamalizia kwa mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi mitatu, nasi tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Ghafla Mama mmoja wa kikundi, ambaye haonekani kamwe mbele ya kamera, akapiga makofi mara moja na kuuliza: “Baba, pesa ziko wapi sasa?” Kukawa kimya. Hakuna aliyejua, kwa kuwa gunia lilikuwa limesahauliwa kando ya ukuta na mchezo ulikuwa umetufia mikononi huku tukiendelea kucheka.

Ndugu yangu aliyekuwa amekuja kutoka Likasi aliniuliza pembeni kazi ya huyo Mama ni ipi. Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote: “Anatusaidia.” Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile, kwa sababu si la kweli. Yeye ndiye aliyekileta kisa, ndiye aliyeamua kwamba gunia liuzwe kabla mume hajarudi, na ndiye aliyempanga jirani awe mtu mpole asiyejua kutania. Mtu wa namna hiyo ana jina katika kazi ya televisheni. Ni mtunzi, na mara nyingine ni mwongozaji pia. Ugumu ni kwamba kazi yake ikifanywa vizuri haionekani, ndiyo maana hata sisi tunaoishi ndani yake hatujui kuieleza. Njia nyepesi niliyoiona ni kuifuata kazi hiyo katika maisha ya mtu mmoja ambaye habari zake zinajulikana vizuri, Mmarekani Carl Reiner, kisha kurudi nayo nyumbani.

Reiner alizaliwa tarehe 20 Machi 1922 huko Bronx, mjini New York, katika familia ya Wayahudi wahamiaji. Baba yake alikuwa fundi saa. Alipomaliza shule hakukimbilia jukwaani, bali alifanya kazi ya kutengeneza cherehani. Kaka yake, Charlie, ndiye aliyeona gazetini tangazo la mafunzo ya bure ya uigizaji, yaliyolipiwa na serikali katika miaka ile ya mdororo mkubwa wa uchumi, akamhimiza aende. Hadi uzeeni Reiner aliitaja fadhila hiyo ya kaka yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi lilimpeleka Chuo Kikuu cha Georgetown kusomea ukalimani wa Kifaransa, na huko ndiko alikoongoza mchezo wake wa kwanza: mchezo wa Molière, mwandishi wa Kifaransa wa tamthilia za kuchekesha, wote kwa Kifaransa. Nilipolisoma jambo hilo nilifurahi sana, maana ni wengi kati yetu hapa Katanga waliopanda jukwaani mara ya kwanza shuleni, maneno ya Molière yakiwa mdomoni na macho ya mwalimu yakiwa mgongoni.

Mwaka 1950 aliingia katika Your Show of Shows, kipindi cha NBC kilichorushwa moja kwa moja kila Jumamosi usiku kwa dakika 90, bila nafasi ya kurudia kosa lolote, hadi mwaka 1954. Nyota wa kipindi alikuwa Sid Caesar. Reiner aliajiriwa kama mwigizaji, na kazi yake ilikuwa ile ambayo Kiswahili chetu bado hakijaipa jina linalokubalika na wote: kuwa mtu asiyechekesha. Caesar aliigiza profesa wa Kijerumani anayedai kujua kila jambo, naye Reiner alikuwa mwandishi wa habari anayemwuliza maswali kwa adabu. Watazamaji walimcheka profesa. Lakini anayemfikisha profesa ukingoni mwa shimo ni yule mwulizaji, na asipouliza swali linalofaa kwa wakati unaofaa, profesa hana pa kutumbukia. Jirani mpole anayenunua gunia katika mchezo wetu yuko mahali hapohapo. Akianza na yeye kutafuta kicheko chake, mume hana tena mtu wa kumhangaikia.

Nyuma ya kipindi hicho kulikuwa na chumba cha waandishi, ambamo Mel Tolkin, Lucille Kallen, Mel Brooks na baadaye Neil Simon waligombana kwa sauti juu ya kila mstari. Reiner hakuhesabiwa miongoni mwa waandishi, lakini aliingia, akaketi, akachangia. Hapo kuna fundo la kwanza linalopaswa kufunguliwa. Tunapomsifu mtu kwamba “ameandika” kichekesho cha televisheni, tunadhani alikaa peke yake na kalamu. Kwa kawaida haiwi hivyo. Mstari hutoka kinywani mwa mmoja, hukatwa na wa pili, wa tatu huupa mkia, na jioni hakuna anayeweza kuapa kwamba ni wake. Kinachobaki kuwa cha mtu mmoja ni uamuzi: kitu gani kiingie, kitu gani kitupwe, na lipi litangulie.

Uthibitisho mzuri kuliko wote ni ule mchezo wa Reiner na Brooks wa mzee wa miaka 2,000. Ulianza kama mzaha wa marafiki katika miaka ya 1950, kabla ya kurekodiwa kwenye sahani ya santuri mwanzoni mwa muongo uliofuata. Reiner alijifanya mwandishi wa habari, akatangaza kwamba yupo na mtu aliyeishi miaka 2,000, kisha akamtupia Brooks maswali ambayo Brooks hakuyajua kabla. Majibu yote yalizaliwa papo hapo. Je, mtunzi alikuwa nani? Mtu wa haraka atasema Brooks, kwa kuwa yeye ndiye aliyechekesha. Mimi nasema ni wote wawili, na sehemu ya Reiner ndiyo ngumu kuigwa, maana alimjengea mwenzake chumba chenye mlango mmoja, akamfungia ndani, na Brooks akalazimika kutoka kwa akili yake mwenyewe.

Kiangazi cha mwaka 1958 Reiner aliamua kuandika mfululizo wake. Amesimulia kwamba alijiuliza yeye amesimama juu ya kipande gani cha ardhi ambacho hakuna mwingine anayekisimamia. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake: alikuwa mume na baba anayeishi New Rochelle, nje kidogo ya New York, na kila asubuhi alikwenda mjini kufanya kazi na waandishi wa kipindi cha vichekesho. Televisheni ya wakati ule ilijaa akina baba ambao mtazamaji hakujua wanafanya kazi gani wakitoka nyumbani. Yeye alichukua nyumba na kazi akavifunga pamoja. Aliandika vipande 13 kabla hata kimoja hakijarekodiwa, na hakwenda mbali kutafuta mambo ya kuandika: mtaa wa shujaa wake, Rob Petrie, aliuita Bonnie Meadow Road, mtaa aliokuwa akiishi mwenyewe, na namba ya nyumba akaigeuza kutoka 48 kuwa 148.

Kisha akaanguka. Aliigiza mwenyewe nafasi ya Rob katika kipande cha majaribio, kilichoonyeshwa mwaka 1960, na hakuna aliyetaka kuendelea nacho. Mtayarishaji Sheldon Leonard aliisoma miswada ile, akaona kwamba maandishi hayana kasoro ila aliyeyabeba siye, na akamweleza Reiner waziwazi kwamba inafaa atafutwe mwigizaji mwingine. Fikiri uzito wa neno hilo. Mtu ameandika maisha yake mwenyewe, mke wake, mtoto wake, mtaa wake, halafu anaambiwa kwamba yeye hafai kuwa yeye. Reiner alikubali. Nafasi akapewa Dick Van Dyke, mke akawa Mary Tyler Moore, na mfululizo ukaanza upya kwenye CBS tarehe 3 Oktoba 1961 kwa jina la The Dick Van Dyke Show. Ulidumu hadi 1966, ukafikisha vipande 158 na kushinda tuzo 15 za Emmy, tuzo kubwa za televisheni ya Marekani.

Kwangu mimi, kukubali huko ndiko kitendo chake kikubwa cha utunzi. Katika vikundi vyetu mwenye wazo ndiye anayetaka kuwa mbele. Amekileta kisa, basi lazima acheze baba, hata kama sauti yake haifiki kwenye mkeka wa tatu.

Sasa tutenganishe majukumu, maana hapa ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa wanapoona majina yakipita kwenye kioo. Reiner alikuwa muasisi wa mfululizo na msimamizi wake, na zaidi ya nusu ya vipande vya misimu miwili ya kwanza aliviandika mwenyewe. Lakini waongozaji wakuu walikuwa wengine, hasa John Rich na Jerry Paris. Mwongozaji wa filamu ndiye bwana wa kazi yake, lakini mwongozaji wa mfululizo wa televisheni huingia katika nyumba iliyokwisha jengwa, yenye wahusika wanaojulikana, na kazi yake ni ya juma lile: kuwasikia waigizaji wakisoma mezani, kuwapanga mahali pa kusimama, na kuhakikisha kwamba kamera inamwona anayesikia habari, si anayeitoa tu. Kipindi hiki kilipigwa kwa filamu, kamera kadhaa zikifanya kazi kwa pamoja mbele ya watazamaji halisi, mtindo uliokuwa umetiwa nguvu na mfululizo mwingine wa vichekesho, I Love Lucy, tangu mwaka 1951. Watazamaji hao hawakuwekwa kwa ajili ya kelele tu. Waliwafundisha waigizaji kungoja: kicheko kikipanda, neno linalofuata halisemwi, bali husubiriwa kianze kushuka. Anayesema juu ya kicheko anamnyima mtazamaji neno, na anayesubiri mpaka kizimike kabisa amelipoza.

Reiner mwenyewe alirudi mbele ya kamera kama Alan Brady, nyota mwenye makuu ambaye Rob anamwandikia. Mwanzoni alionekana kisogo tu, au alisikika sauti. Katika kipande kimoja cha mwaka 1965, Laura, mke wa Rob, anategwa na mtangazaji wa televisheni mpaka anafichua mbele ya taifa zima kwamba Alan Brady ana upara. Angalia jinsi kisa kilivyojengwa. Siri inatoka mapema, na tangu hapo mtazamaji hangoji mzaha mwingine wowote, anangoja Laura akutane na Alan. Anacheleweshwa kwa makusudi. Hatimaye anapoingia ofisini mwake, Alan yuko mezani na nywele zake za bandia zimepangwa mstari mbele yake, naye anazungumza nazo kama watu, akiziarifu kwamba mwanamke aliyezipotezea kazi ni huyu hapa. Kila sekunde ya kungoja inalipwa kwa mara moja. Wasomaji wangu wamekwisha kutambua kwamba ni swali la Mama yetu lilelile: pesa ziko wapi? Mtunzi ndiye anayekumbuka gunia wakati wote wengine wamelewa kicheko. Na nafasi hiyo kubwa Reiner aliicheza bila kuiandika. Walioiandika ni Bill Persky na Sam Denoff, vijana aliowapokea na kuwaachia nafasi.

Hao hao waliandika kipande kilichofungua msimu wa tatu, tarehe 25 Septemba 1963, majuma manne tu baada ya maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za raia. Rob anakumbuka siku mtoto wao alipozaliwa, na jinsi alivyoshawishika kwamba hospitali imewapa mtoto wa familia nyingine, akina Peters, kwa kuwa majina yanafanana na vitu vya vyumba viwili vilikuwa vimekwisha kubadilishwa mara kadhaa. Anawapigia simu, anawaita waje wabadilishane watoto. Mlango unafunguliwa, bwana na bibi Peters wanaingia, nao ni weusi. Watazamaji studioni walicheka muda mrefu mno, hata ikabidi kicheko kipunguzwe kwenye kurekodi. Kabla ya hapo wakubwa walikuwa na wasiwasi juu ya kipande hicho. Nimekitazama mara nyingi kutafuta nani anachekwa, na kila mara jibu ni moja: Rob, kwa ujinga wa wasiwasi wake. Bwana Peters ndiye mtu mwenye akili timamu katika chumba kile. Alijua ukweli tangu kwenye simu, akaamua kuja kwa sababu alitaka kuona uso wa Rob. Katika nchi ambayo televisheni ilikuwa imezoea kumweka mtu mweusi mahali pa kuchekwa, watunzi wale walimweka mahali pa mwenye kucheka.

Kuna amri moja ya Reiner ambayo siwezi kuifuata hapa. Aliwakataza waandishi wake kutumia misemo ya vijana na habari za juma lile, ili kipindi kisichakae, na kwa kweli hakijachakaa. Lakini mchezo wa Lubumbashi ukiondolewa kindubile, lugha ya vijana wa mjini, ukiondolewa yale maneno yanayozaliwa Katuba asubuhi na kufika Ruashi jioni, unabaki bila damu. Mzee anayesema Kiswahili cha shule na mtoto wake anayemjibu kwa maneno ya barabarani tayari ni mchezo, kabla hata hawajagombana. Acha uchakae. Ukichakaa utakuwa ushahidi wa jinsi tulivyosema.

Baada ya 1966 Reiner aligeukia zaidi kuongoza filamu, ikiwemo Oh, God! ya mwaka 1977 na The Jerk ya mwaka 1979, iliyompa Steve Martin nafasi yake kubwa ya kwanza katika sinema. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Mark Twain ya ucheshi. Alifariki tarehe 29 Juni 2020 akiwa na miaka 98. Mwanawe Rob, aliyempatia shujaa wake jina, naye akawa mwongozaji. Kuhesabu urithi wake kwa tuzo ni rahisi. Lakini urithi wenyewe naukuta katika watu aliowaachia kiti: Van Dyke, Moore, Persky, Denoff, na Brooks aliyebaki rafiki yake hadi mwisho.

Nimetaja miswada 13, na hapo ndipo wenzangu hunipinga. Wanasema: hao walikuwa na karatasi, sisi hatuandiki, kwa hiyo hatuna mtunzi. Hoja hiyo mji wetu wenyewe umekwisha kuijibu. Kundi la Mufwankolo, lililopendwa hapa kwenye jukwaa, redio na televisheni na kuwachekesha watu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, halikuigiza kwa kukariri maandishi. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwafuata walipokuwa wakitengeneza mchezo kutoka katika msemo usemao kwamba madaraka huliwa mazima. Aliyaeleza yote katika kitabu kilichotoka mwaka 1990: jinsi walivyoketi kujadiliana maana ya msemo, wakaugawa mpango katika sehemu, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi ambamo kila mmoja alitafuta maneno yake, na mwisho wakarekodi kwa ajili ya televisheni katika kijiji kilicho karibu na mji. Karatasi yenye mazungumzo haikuwepo. Utunzi ulikuwepo, tena wa kina: ulikuwa katika majadiliano, katika mgawanyo wa sehemu, katika uamuzi wa nani aingie wakati gani. Fabian ndiye aliyeyaandika maneno yao baada ya kusemwa, na ndiyo sababu leo tunaweza kuyasoma. Michezo mingine mingi iliyotungwa kwa njia hiyohiyo haikupata wa kuiandika, nayo ikaenda na upepo.

Kwa hiyo tofauti kati ya Reiner na sisi haiko katika kuwa na mtunzi au kukosa. Reiner aliandika kwanza, wakaigiza. Sisi tunaigiza kwanza, na kwa kawaida hakuna anayeandika. Kosa letu liko mwishoni, na linagusa haki ya mtu. Kisa kikiuzwa kwa kituo cha televisheni, kikiwekwa kwenye intaneti, kikiigwa na kikundi cha mji mwingine, anayetajwa ni yule mwenye uso, na aliyefikiri anabaki kuwa mtu “anayetusaidia”, bila jina na bila mgao.

Jumamosi iliyofuata nilinunua daftari la kurasa mia moja. Mchezo wa gunia ulikuwa umesimama vizuri: mume sasa anaongea na kuiga watu kama anavyopenda, lakini hatoi macho kwenye ukuta lilipokuwa gunia, na mke anaendelea kupika bukari (ugali) huku akimshangaa. Jirani haongezi neno. Anarudi tu na kikapu kitupu kuuliza kama makala mengine yapo, kwa kuwa yale ya mwanzo yaliwaka vizuri ajabu. Nilikiandika kisa chote, sehemu kwa sehemu, na juu ya ukurasa nikaweka mstari wa jina la mtunzi. Nilimpa Mama kalamu. Aliushika mstari ule kwa kidole muda mrefu, akaniuliza kama aandike jina la nyumbani au lile la kanisani, nikamwambia aandike lile ambalo angependa lipite kwenye kioo. Akaandika yote mawili.